Mawimbi, Mitambo na Watazamaji: Historia ya Televisheni katika Afrika Mashariki

Historia ya televisheni katika Afrika Mashariki haieleweki vizuri iwapo itasomwa kama orodha ya tarehe za uzinduzi na majina ya vituo peke yake, kwa sababu chombo hiki kilifika katika kanda hii kikiwa kimeshabeba maamuzi mengi ya kitaalamu yaliyofanywa kwingineko. Kila uamuzi miongoni mwa hayo, kuanzia idadi ya mistari inayounda picha hadi namna ya kuwahesabu watu walioketi mbele ya kioo, uligusa swali moja la msingi, nalo ni nani atakayetazama na nani atakayeachwa. Ndiyo maana istilahi za fani hii, ambazo kwa kawaida huachiwa mafundi na maofisa wa masoko, zinastahili kusomwa na mwanahistoria kwa makini yale yale anayoyaelekeza kwenye sheria na hotuba. Masafa, eneo la mapokezi, mfumo wa rangi, utepe wa video, kiwango cha utazamaji na kisimbuzi ni majina ya vifaa na vipimo, lakini kila kimoja kiliingia katika kanda hii kwa wakati wake, kikapanua au kikapunguza idadi ya watazamaji, na kikakutana na desturi ya wenyeji ya kutazama kwa pamoja, ambayo wabunifu wa vifaa hivyo hawakuitarajia.

Kutoka sahani ya Nipkow hadi mistari 625

Tatizo la kwanza la televisheni lilikuwa kwamba waya au wimbi moja haliwezi kubeba picha nzima kwa mara moja, na kwa hiyo picha ilipaswa kuvunjwavunjwa, ipelekwe kipande baada ya kipande, kisha iundwe upya upande wa pili kwa kasi ambayo jicho halitaweza kutambua. Mwaka 1884 Paul Nipkow, aliyekuwa mwanafunzi mjini Berlin, aliomba hataza ya sahani yenye matundu yaliyopangwa kwa mzunguko, ambayo ilipozungushwa iliipitia picha mstari kwa mstari na kuuwezesha mwangaza wa kila sehemu kugeuzwa kuwa mkondo wa umeme. John Logie Baird alitumia sahani ya aina hiyo mjini London tarehe 26 Januari 1926, alipowaonyesha wanasayansi picha zinazosogea, ilhali Philo Farnsworth alifaulu mjini San Francisco mwezi Septemba 1927 kurusha picha kwa njia ya elektroniki isiyohitaji gurudumu lolote linalozunguka. Njia hii ya pili ndiyo iliyoshinda, na baada ya shirika la BBC kuanza matangazo ya kawaida kutoka Alexandra Palace tarehe 2 Novemba 1936, haikuchukua muda mrefu kabla mfumo wa Baird kuachwa na mfumo wa elektroniki wenye mistari 405 kubaki peke yake.

Baada ya vita vya pili vya dunia nchi nyingi za Ulaya zilichagua mistari 625, na kipimo hicho ndicho kilichokuja kutumika Afrika Mashariki. Picha nzima moja, iitwayo fremu, ilirushwa mara 25 kwa sekunde, na kila fremu iligawanywa katika nusu mbili, mistari ya witiri kwanza na ya shufwa baadaye, ili kioo kiwake mara 50 kwa sekunde na jicho lisione picha ikipepesa. Idadi hiyo haikuchaguliwa kwa bahati, kwani umeme wa majumbani katika Uingereza na makoloni yake ulibadili mwelekeo kwa mizunguko 50 kwa sekunde, na picha iliyokwenda sambamba na umeme huo haikusumbuliwa sana na nyaya za nyumba. Marekani, ambako umeme una mizunguko 60, ilijenga mfumo wa mistari 525 na fremu 30. Kwa hiyo, hata kabla ya mnara wa kwanza kusimamishwa katika kanda hii, mkondo wa umeme uliowekwa na wakoloni ulikuwa umeshaamua seti za aina gani zingefaa na zingenunuliwa wapi.

Jambo la pili lililoamuliwa mapema lilikuwa masafa, yaani idadi ya mitetemo ya wimbi kwa sekunde. Kituo kimoja cha televisheni ya analojia kilihitaji upana wa megahezi 7 au 8, nafasi ambayo ingetosha mamia ya vituo vya redio ya masafa ya kati, na nafasi kubwa kiasi hicho ilipatikana tu katika masafa ya juu yaitwayo VHF na UHF. Mawimbi ya masafa hayo husafiri karibu na mstari ulionyooka, hayazunguki milima wala hayafuati mviringo wa dunia kwa mbali, tofauti na mawimbi mafupi ya redio ambayo hudundia angani na kuvuka mabara. Tofauti hii ya kimaumbile ina uzito mkubwa katika historia ya kanda, kwa maana redio ingeweza kuanza kama chombo cha nchi nzima, ilhali televisheni ilianza, na haikuwa na budi kuanza, kama chombo cha watu wanaoishi karibu na mnara.

Nairobi na mduara wa mnara

Kenya ilianza matangazo ya televisheni mwaka 1962, mwaka mmoja kabla ya uhuru, chini ya Shirika la Utangazaji la Kenya lililokuwa limeundwa mwaka 1961 kwa mtaji uliotoka zaidi kwa kampuni za nje. Kituo cha kwanza cha kurushia matangazo kiliwekwa katika nyumba ya shamba huko Limuru, na eneo lake la mapokezi, yaani eneo ambalo seti ya kawaida iliweza kupata picha inayotazamika, lilikuwa mduara wenye nusu kipenyo cha maili 15 hivi, sawa na kilomita 24. Mduara huo ulizifunika sehemu za Nairobi na nyanda za jirani, ambako ndiko walikokaa wengi wa watu waliokuwa na umeme nyumbani na fedha za kununua seti. Uganda ilifuata mwaka 1963 kwa kituo chake cha Kampala, nacho kilianza kwa kuuhudumia mji mkuu na maeneo yaliyouzunguka.

Serikali ya Kenya huru ililitaifisha shirika hilo mwaka 1964 na kuliita Sauti ya Kenya, na tangu hapo upanuzi wa eneo la mapokezi ukawa suala la siasa ya taifa. Njia iliyotumika ilikuwa kujenga vituo vya kurushia upya, ambavyo huipokea ishara kutoka kituo kikuu kwa mnyororo wa minara ya mawimbi madogo, huiongezea nguvu, kisha huirusha tena kwa masafa mengine ili isigongane na ile ya kwanza. Mombasa ilipata kituo chake mwaka 1970, mwaka uleule ambao kituo cha mawasiliano ya setilaiti cha Longonot kilianza kazi katika Bonde la Ufa na kuiwezesha nchi kupokea picha kutoka ng'ambo. Mafundi wa kuendesha mitambo hiyo walifunzwa nyumbani, katika chuo kilichoanzishwa Nairobi mwaka 1961 ambacho baadaye kilijulikana kama Taasisi ya Mawasiliano ya Umma ya Kenya, na mchango wa chuo hicho haupaswi kusahauliwa, kwa sababu mnara usio na fundi wa kuutunza hugeuka chuma kitupu baada ya radi ya kwanza.

Rangi ya Zanzibar na uamuzi wa Tanzania Bara

Tukio kubwa zaidi katika historia ya televisheni ya pwani lilitokea Unguja. Mwaka 1973 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, chini ya Aboud Jumbe Mwinyi aliyeshika uongozi baada ya kuuawa kwa Sheikh Abeid Amani Karume tarehe 7 Aprili 1972, ilianzisha Televisheni Zanzibar, iliyojulikana kama TVZ, ikirusha picha za rangi tangu mwanzo. Hakuna nchi nyingine ya Afrika kusini mwa Sahara iliyokuwa imefanya hivyo. Kenya iliingia katika rangi mwaka 1978, na Afrika Kusini, pamoja na utajiri wake wote, haikuwa na huduma ya kudumu ya televisheni ya aina yoyote hadi mwaka 1976. Mapato ya karafuu, ambayo bei yake katika soko la dunia ilikuwa nzuri mwanzoni mwa miaka ya 1970, yaliipa serikali ya visiwa uwezo wa kufanya jambo ambalo nchi kubwa zaidi zilikuwa bado zinalitafakari.

Ili kuelewa kwa nini kuchelewa kuanza kulikuwa faida kwa Zanzibar, ni lazima kueleza jinsi rangi ilivyosafirishwa. Wahandisi wa Marekani waliopitisha mfumo wa NTSC mwaka 1953 walitakiwa kuongeza rangi bila kuziharibia kazi seti za nyeusi na nyeupe zilizokuwa tayari majumbani, nao wakaitenga ishara katika sehemu mbili, mwangaza na rangi, hivi kwamba seti ya zamani ilisoma mwangaza peke yake na kuipuuza rangi. Udhaifu wa mfumo huo ulikuwa kwamba ishara ya rangi ilipopotoka kidogo njiani, nyuso za watu zilielekea kwenye kijani au zambarau. Walter Bruch wa kampuni ya Telefunken nchini Ujerumani aliurekebisha udhaifu huo mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa mfumo wa PAL, ambao huigeuza ishara ya rangi katika kila mstari unaofuata, ili kosa la mstari mmoja lifutwe na kosa la kinyume chake katika mstari wa pili. Zanzibar iliuchukua mfumo wa PAL ukiwa umeshakomaa, na kwa kuwa haikuwa na mitambo ya kale wala maelfu ya seti za nyeusi na nyeupe za kuzingatia, ilijenga kila kitu kwa rangi kwa mara moja.

Upande wa pili wa bahari, serikali ya Mwalimu Julius Nyerere ilifikia uamuzi ulio kinyume kabisa, na uamuzi huo ulikuwa na hoja nzito zaidi kuliko wakosoaji wake wanavyokiri. Televisheni ilionekana kuwa anasa ya watu wachache wa mijini wenye umeme na fedha, na katika nchi iliyokuwa imetangaza Azimio la Arusha mwaka 1967, kutumia fedha za kigeni kwa chombo ambacho mawimbi yake yasingevuka vilima vya mkoa kulimaanisha kuwatoza wakulima gharama ya burudani ya wakazi wa mji mkuu. Mwaka uleule wa 1973 Tanzania Bara iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya kwa njia ya redio, ambapo watu wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi vya kusikiliza, wakajadili usafi na kinga ya maradhi, kisha wakachimba vyoo na kusafisha visima vyao. Hadhira ya namna hiyo, iliyokaa pamoja, ikazungumza na kutenda, isingepatikana kwa televisheni ya wakati ule kwa gharama yoyote ambayo nchi ingeimudu.

Hata hivyo mawimbi hayakuheshimu mpaka huo wa sera. Kati ya mji wa Zanzibar na Dar es Salaam kuna umbali wa kilomita 70 hivi za bahari tupu, isiyo na kilima wala jengo la kuzuia ishara, na hewa ya joto juu ya maji huweza kuyapinda mawimbi ya VHF na kuyafikisha mbali zaidi ya upeo wa macho. Kwa hiyo, ingawa uingizaji wa seti Tanzania Bara uliwekewa vizuizi, baadhi ya nyumba za Dar es Salaam na miji mingine ya mwambao ziliinua antena juu ya milingoti, zikazielekeza Unguja, na kuitazama TVZ kwa miaka mingi kabla Tanzania Bara haijawa na kituo chake. Kuanzia miaka ya 1980 mikanda ya VHS, iliyobuniwa na kampuni ya JVC ya Japani mwaka 1976, iliongeza njia nyingine ya kutazama isiyohitaji mnara wala kibali, na kufikia mwisho wa muongo huo sera ya kutokuwa na televisheni ilikuwa imekwisha kuzungukwa pande zote.

Studio, filamu na utepe

Kurusha ishara ni nusu ya kazi, na nusu ya pili ni kuwa na kitu cha kurusha. Studio ya televisheni ya miaka ya 1960 na 1970 ilifanya kazi kwa mpangilio ambao haujabadilika sana hadi leo. Mtayarishaji ndiye aliyebeba dhamana ya wazo, bajeti na watu, naye mwongozaji aliketi katika chumba cha udhibiti mbele ya safu ya vioo vidogo, kila kimoja kikionyesha picha ya kamera moja, akawaelekeza wapiga picha kupitia vipaza sauti vya masikioni na kuamuru ni picha ipi iende hewani. Mtu aliyekaa kwenye meza ya kuchanganyia picha alitekeleza amri hizo kwa kubonyeza vitufe, huku msimamizi wa ukumbi akiwaashiria waigizaji kwa mikono, kwa kuwa ukimya ulipaswa kutunzwa. Matangazo mengi yalikwenda moja kwa moja, au mubashara kama isemwavyo siku hizi, kwa sababu kurekodi kulikuwa ghali na kugumu.

Habari za nje ya studio zilichukuliwa kwa filamu ya milimita 16, ambayo ilipaswa kusafishwa kwa kemikali, kukatwa na kuunganishwa kwa mkono kabla ya kuonyeshwa, hivi kwamba tukio la asubuhi katika wilaya ya mbali lingeweza kuonekana baada ya siku kadhaa. Mashine ya kurekodi picha kwenye utepe wa sumaku ilikuwa imetolewa na kampuni ya Ampex ya Marekani mwaka 1956, ikitumia utepe wenye upana wa inchi 2, lakini ukubwa wake ulikaribia ule wa kabati kubwa na bei yake ilikuwa ya kutisha. Utepe wenyewe ulikuwa na thamani kubwa kiasi kwamba vituo vingi duniani, BBC ikiwemo, vilifuta vipindi vya zamani ili kurekodi vipya juu yake, na hasara iliyotokana na desturi hiyo katika kumbukumbu za karne iliyopita haiwezi kulipwa. Mabadiliko yalikuja na kaseti za U-matic za kampuni ya Sony mwaka 1971 na Betacam mwaka 1982, ambazo zilimwezesha mpiga picha kubeba kamera na kinasa picha begani, akarudi kituoni na kuhariri habari hiyo siku ileile.

Gharama hizi ndizo zinazoeleza sura ya vipindi vyenyewe. Kununua haki ya kuonyesha mfululizo wa kigeni ambao tayari ulikuwa umerudisha mtaji wake Marekani au Uingereza kulikuwa rahisi kuliko kutengeneza saa moja ya tamthilia ya nyumbani, na kwa hiyo ratiba za vituo vyote vya kanda zilijaa vipindi vya nje. Sanaa ya nyumbani ilistawi pale ilipopata umbo lililolingana na mitambo iliyokuwepo. Vioja Mahakamani na Vitimbi, vilivyopendwa sana na watazamaji wa Sauti ya Kenya, vilitegemea mandhari chache, kamera za studio na ufundi wa waigizaji wa kuzungumza Kiswahili chenye lafudhi za jamii mbalimbali, na kutokana na uchumi huo wa vifaa ikatokea mtindo wa ucheshi ambao taifa zima liliutambua kuwa wake. Zanzibar nayo ilikuwa na taarabu, ambayo mpangilio wake wa jukwaa unaafikiana na kamera za studio, kwa kuwa wapigaji huketi kwa safu na mwimbaji hukaa mbele, ingawa mwongozaji asiyeijua desturi ya kumtuza mwimbaji angewakosa wasikilizaji wanaoinuka mmoja mmoja kumfuata, nao ni sehemu ya onyesho lenyewe.

Biashara na hesabu ya watazamaji

Miaka ya 1990 ilileta mabadiliko ya haraka. Kituo binafsi cha KTN kilianza Nairobi mwaka 1990, na Bunge la Tanzania lilipitisha sheria ya huduma za utangazaji mwaka 1993 iliyoruhusu watu binafsi kumiliki vituo, hivi kwamba kufikia mwaka 1994 Dar es Salaam ilikuwa na CTN, DTV na ITV, hiki cha mwisho kikiwa cha kampuni ya IPP ya Reginald Mengi. Serikali ya Muungano ilianzisha Televisheni ya Taifa mwaka 2000, baada ya vituo binafsi kuwa vimeshajijenga. Vikundi vya maigizo kama Kaole, vilivyoonekana ITV, viliwalea waigizaji ambao baadaye walikuwa nguzo za tasnia ya filamu za Kiswahili, miongoni mwao Steven Kanumba.

Kituo binafsi hakiishi kwa bajeti ya wizara. Huuza muda wake kwa wenye bidhaa, na mwenye bidhaa anapolipia nusu dakika ya tangazo hutaka kujua watu wangapi wataliona. Hapo ndipo upimaji wa hadhira ulipoingia katika maisha ya televisheni ya kanda, nao una historia ndefu ya kigeni. Arthur Nielsen, aliyeanzisha kampuni yake mjini Chicago mwaka 1923, alitumia kifaa kiitwacho Audimeter kunakili ni kituo gani redio ya nyumbani imefunguliwa, na mwaka 1950 akaupeleka utaratibu huo kwenye televisheni. Kifaa hicho kilijua seti imewashwa lakini hakikujua kama kuna mtu mbele yake, kwa hiyo kaya nyingine zilipewa shajara za kujaza kwa mkono, na mwaka 1987 Marekani ikahamia kwenye kifaa chenye vitufe ambapo kila mwanafamilia hubonyeza chake anapoanza kutazama. Kaya hizo huchaguliwa kwa sampuli, yaani kundi dogo lililoteuliwa kwa kanuni za takwimu ili liwakilishe nchi nzima.

Vipimo viwili huchanganywa mara kwa mara na vinapaswa kutofautishwa. Kiwango cha utazamaji ni asilimia ya kaya zote zenye televisheni zilizokuwa zikitazama kipindi fulani, ilhali mgawo wa watazamaji ni asilimia ya kaya zilizokuwa zikikitazama kati ya zile tu zilizokuwa zimewasha televisheni wakati huo. Iwapo mji una kaya 1,000 zenye seti, kaya 400 zimewasha, na 100 kati ya hizo zinatazama taarifa ya habari ya kituo kimoja, basi kiwango cha utazamaji cha taarifa hiyo ni 10 na mgawo wake ni 25. Kituo kinaweza kujivunia mgawo mkubwa usiku wa manane wakati watu wengi wamelala, na mnunuzi wa matangazo asiyejua tofauti hiyo atalipia watazamaji wasiokuwepo. Kipimo cha tatu ni ufikaji, yaani idadi ya watu tofauti waliotazama kituo angalau mara moja katika kipindi fulani, kama vile wiki, nacho huonyesha upana wa hadhira bila kueleza imekaa kwa muda gani.

Vipimo hivi vyote vimejengwa juu ya picha moja ya maisha, nayo ni kaya moja yenye sebule, seti yake na watu wake wanaojulikana. Picha hiyo haikuwa ya kweli katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki. Seti moja ya mtaa ilitazamwa na watoto wa nyumba kumi waliosimama dirishani, mechi ilitazamwa hotelini au kijiweni, na katika baraza kama ile ya Jaws Corner katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, inayosemekana kupata jina lake kutokana na filamu iliyoonyeshwa hapo, wanaume walitazama wakinywa kahawa na kubishana. Katika miji ya Tanzania vibanda umiza, na katika Uganda kumbi za video za namna hiyo, viliwakusanya vijana wengi kwa kiingilio kidogo, huku msimuliaji akizieleza filamu za kigeni kwa lugha ya wenyeji juu ya sauti za waigizaji. Kifaa cha vitufe vya mwanafamilia hakina kitufe cha jirani, na mkusanyiko wa watu 60 katika kibanda huhesabiwa kuwa seti moja, au hauhesabiwi kabisa.

Watafiti wa kanda walilazimika kutumia njia nyingine, hasa mahojiano ya nyumba kwa nyumba yaliyowauliza watu walitazama nini jana, shajara, na baadaye maswali yanayotumwa kwa ujumbe wa simu za mkononi. Njia hizi hukosa usahihi wa dakika kwa dakika, kwa kuwa kumbukumbu ya binadamu hupendelea vituo vyenye jina kubwa, lakini zina sifa moja isiyopatikana katika kifaa, nayo ni kwamba humuuliza mtu mwenyewe alitazama wapi na pamoja na nani. Kutokana na hesabu hizo fedha za matangazo hugawanywa, na kutokana na fedha hizo vipindi huendelea au hufa, hivyo mtazamaji wa kibandani au wa kijijini asiyeingia katika sampuli hana sauti katika kuamua kile atakachoonyeshwa.

Enzi ya kisimbuzi

Mwaka 2006 nchi za Ulaya, Afrika na Mashariki ya Kati zilikubaliana mjini Geneva kuhama kutoka analojia kwenda dijitali, tarehe ya mwisho kwa sehemu kubwa ya masafa ikiwa 17 Juni 2015. Katika mfumo mpya picha hugeuzwa kuwa tarakimu, hubanwa kwa kuondoa taarifa zinazojirudia baina ya fremu moja na nyingine, kisha vipindi vya vituo vingi hufungwa pamoja katika mkondo mmoja uitwao maltipleksi. Nafasi ya megahezi 8 iliyobeba kituo kimoja cha analojia iliweza sasa kubeba zaidi ya 10, na masafa yaliyobaki wazi yakagawiwa mitandao ya simu kwa ajili ya intaneti. Tanzania ilikuwa ya kwanza katika Afrika Mashariki kuzima mitambo ya analojia, ikianza na Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012. Kenya, ambako suala hilo lilipiganiwa mahakamani, ilizima mitambo ya Nairobi mwezi Februari 2015, na vituo vikubwa vya binafsi, vikiwemo Citizen, NTV na KTN, vikakosekana hewani kwa zaidi ya wiki 2.

Kwa wananchi, mabadiliko hayo yote yalikuja kwa sura ya kifaa kimoja, kisimbuzi, ambacho mitaani wengi wanakiita king'amuzi, kinachoufungua mkondo wa tarakimu na kuigeuza picha irudi katika umbo ambalo seti ya zamani inaweza kuionyesha. Kifaa hicho kilibadili uhusiano wa mtazamaji na mawimbi kwa namna mbili. Kwanza, ishara dhaifu ya analojia ilileta picha yenye chenga, ambayo mtu wa mbali aliivumilia na kuendelea kutazama, ilhali ishara dhaifu ya dijitali huganda kisha hutoweka kabisa, na kwa hiyo ukingo wa eneo la mapokezi, uliokuwa ukififia polepole, umekuwa mstari mkali unaotenganisha wanaoona na wasioona. Pili, kwa kuwa kisimbuzi kinaweza kufungwa na kufunguliwa na mwenye mtandao, televisheni ambayo baada ya kununua seti ilikuwa bure ikaanza kupimwa kwa vifurushi vya mwezi, na wasimamizi wa sekta wakalazimika kuweka masharti ya kuzilinda chaneli za nyumbani zisizolipiwa.

Leo hesabu ya watazamaji inahamia kwenye simu, ambako kila kipindi kinachofunguliwa kwa bando huandikwa na mtambo wa kampuni iliyo mbali, na wengi wanaamini kwamba hesabu hiyo imemaliza tatizo la sampuli kwa sababu inamnakili kila mtu. Historia iliyoelezwa hapa inaonya dhidi ya imani hiyo. Mduara wa Limuru ulihesabu wenye umeme, shajara ikahesabu wanaojua kusoma na kuandika, kifaa cha vitufe kikahesabu kaya zenye sebule, na takwimu za mtandao huhesabu wenye bando, na kila mara walioachwa nje walionekana kana kwamba hawana haja na kinachorushwa. Kanda hii ina ushahidi wa zaidi ya nusu karne kwamba hadhira zake ni za baraza, kijiwe na kibanda, na kwamba watu wanaotazama pamoja hujadili na huamua pamoja. Vyuo vinavyofundisha utangazaji, mamlaka zinazotoa leseni na taasisi zinazopima hadhira vina wajibu wa kuunda vipimo vinavyoanzia kwenye ukweli huo, kwa maana televisheni itakayoendelea kuhesabiwa kwa sebule za wachache itaendelea pia kutengenezwa kwa ajili yao.